Je, Wajua? Ladha ya Vanila Inaweza Kutoka Kwenye Uchafu wa Kiwanda cha Karatasi

Ukiona neno "vanila" kwenye pakiti ya biskuti, usidhani ni lazima kuna tunda la mvanila humo ndani. Sehemu kubwa ya ladha hiyo duniani ni vanilini (kemikali inayoipa vanila ladha yake) ya viwandani, na nyingi hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na petroli. Lakini huko Sarpsborg, Norwei, kampuni ya Borregaard huitoa kwenye maji ya kahawia yanayobaki baada ya mbao kupikwa ili nyuzi zake zipatikane. Inawezekanaje?

Tuanzie kwenye mti wenyewe. Karibu nusu ya ubao ni selulosi, yaani nyuzi ndefu ambazo ndizo karatasi. Asilimia 20 hadi 30 ni lignini, kitu kigumu cha kahawia kinachozishikamanisha nyuzi hizo kama saruji inavyoshika kokoto. Mtengenezaji wa karatasi nzuri haitaki kabisa. Karatasi iliyobaki na lignini hugeuka njano ikipigwa na jua. Ndiyo maana gazeti, ambalo kwa kawaida mbao zake husagwa tu bila kupikwa, hubadilika rangi upesi likiachwa dirishani. Kwa hiyo vipande vya mbao hupikwa kwa kemikali kali hadi lignini iyeyuke na kuziachia nyuzi. Nyuzi huoshwa na kwenda zao. Kinachobaki ni maji mazito yaliyobeba karibu nusu nyingine ya mti, na hayo ndiyo tunayoyaita uchafu.

Sasa, lignini imejengwa kwa vipete vya kaboni vilivyounganishwa ovyo ovyo. Kwenye miti ya jamii ya misonobari, vipete hivyo vinafanana sana na vanilini. Mkemia hahitaji kuijenga. Anahitaji kuivunja lignini mahali panapofaa, kwa oksijeni, joto na maji yenye alkali. Viwanda vya Marekani vilishaanza kufanya hivyo kibiashara miaka ya 1930. Ugumu ni kwamba kinachopatikana ni kidogo ukilinganisha na kilichotiwa, na mabaki ya kazi hiyo nayo hutaka kusafishwa. Petroli ilipokuwa njia rahisi, wengi waliachana na mti.

Maji hayo hayo yana kazi nyingine, isiyo na harufu nzuri lakini kubwa zaidi. Mbao zikipikwa kwa njia ya salfaiti, lignini hushikwa na viambata vya salfa na kuwa lignosalfoneti, inayoyeyuka majini. Ukiitia kwenye zege, hujipaka juu ya chembe za saruji na kuzipa chaji ya aina moja, zikawa zinasukumana badala ya kugandana mabonge. Zege hulainika kwa maji machache zaidi, na zege lenye maji machache likikauka huwa imara zaidi. Lignosalfoneti humwagwa pia kwenye barabara za udongo ili kutuliza vumbi.

Viwanda vingi vya leo, hata hivyo, havitumii salfaiti. Vinatumia njia ya krafti, iliyobuniwa na Carl Dahl mwaka 1879, inayopika mbao kwa kostiki soda na salfaidi ya sodiamu. Maji yake meusi huchemshwa yakawa mazito, kisha huchomwa ndani ya boila. Lignini hutoa joto na umeme wa kuendeshea kiwanda, na kemikali huyeyuka na kukusanyika chini, tayari kusafishwa na kutumika tena. Wapo wanaoona kuichoma ni ufujaji. Mimi sikubaliani moja kwa moja: ukiitoa lignini yote, joto hilo itabidi litoke kwingine. Lakini boila likizidiwa, kupunguza sehemu ya lignini kuna faida maradufu, kwa sababu kiwanda kinaweza kupika mbao nyingi zaidi bila kununua boila jipya. Ili kuipunguza, hewa ukaa hupulizwa ndani ya maji meusi, ukali wa alkali hushuka, na lignini hujitenga na kuchujwa. Gundi ya kubandikia mbao ni moja ya mahali inapoenda. Ikipashwa joto kali pasipo oksijeni hugeuka kaboni ngumu, inayoweza kushika nafasi ya grafiti kwenye betri. Kampuni ya Stora Enso ilifungua kiwanda cha majaribio cha kazi hiyo Ufini mwaka 2021.

Tope la kiwanda cha karatasi ni habari nyingine. Karatasi kuukuu ikirejelezwa, nyuzi fupi zilizochoka huchujwa pamoja na wino, chokaa na udongo mweupe wa kaolini uliotumika kulainisha kurasa, na hilo ndilo tope. Likichomwa kwa kiasi, karibu nyuzijoto 700, kaolini hugeuka unga unaoshikana na chokaa, unaoweza kuchanganywa na saruji. Joto likizidi sana, uwezo huo hupotea. Na kwa kuwa tope hutoka likiwa limejaa maji, gharama ya kulisafirisha mbali humeza faida mapema, hivyo hufaa zaidi pale ambapo kiwanda cha saruji au cha matofali kipo jirani.