Faili la kufuli: maana yake, na kwa nini lisiachwe nje ya Git

Muuza urojo hapiki kila kilichomo bakulini. Bajia kazinunua kwa jirani, chipsi za muhogo kwa mwengine, na huyo wa bajia naye ana duka anapochukua unga wa dengu. Unga ukibadilika, mlaji wa Darajani ataonja tofauti na muuza urojo hana habari.

Programu nazo ndivyo zilivyo. Msimbo tunaouazima kwa wengine bila ya kuuandika wenyewe huitwa vitegemezi. Unaomba maktaba kumi, yaani vifurushi kumi vya msimbo ulio tayari, kila moja inakuja na zake, na hizo zake zina zao, mwisho kwenye folda zimejaa mamia. Nyingi kati yake hukuzichagua wala majina yake huyajui.

Tatizo linaanzia kwenye namna tunavyoomba. Toleo la maktaba kwa kawaida lina namba tatu, mfano 4.17.2. Ya mwisho hupanda kosa linaporekebishwa, ya kati kinapoongezwa kitu kipya kisichovunja cha zamani, na ya mwanzo yanapokuja mabadiliko yanayovunja. Kwenye package.json, faili la programu za JavaScript unamoorodhesha maktaba unazoomba, ukiandika ^4.17.2, umesema: nipe hilo au jipya zaidi, madhali halijafika 5. Ukiandika ~4.17.2, ni namba ya mwisho tu inayoruhusiwa kupanda. Kwa hiyo unachoandika si toleo, ni ruhusa. Leo utapewa hili, mwezi ujao lile, na wewe hujagusa hata herufi moja. Na ahadi ya namba tatu inawekwa na binadamu, naye huamini kuwa hajavunja kitu hali ya kuwa kavunja.

Faili la kufuli ndilo linaloandika kilichokuja hasa. Chombo cha kusakinisha huliunda chenyewe: npm, chombo cha JavaScript, ina package-lock.json, ambalo imekuwa ikiliandika bila ya kuombwa tangu toleo la 5 la mwaka 2017. Lugha ya PHP ina composer.lock, na ya Rust ina Cargo.lock. Fungua package-lock.json utaona kila kitegemezi, cha karibu na cha mbali, kina toleo lake kamili, anwani kilikochukuliwa, na mstari mrefu unaoanza na sha512. Mstari huo ni kama alama ya kidole: kifurushi kikibadilishwa hata kidogo, alama haitalingana na usakinishaji utakataa.

Mimi nililijua thamani yake Wete, kwenye duka la dawa nililoliandikia programu ya stoku. Kazi niliifanyia Unguja, kila kitu kikaenda sawa. Faili la kufuli sikuliingiza kwenye Git, chombo kinachotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, kwa kuona ni refu na halisomeki. Nilipofika Pemba nikasakinisha upya, na maktaba ya kusoma tarehe ikaja na toleo jipya, namba ya kati imepanda. Ilikuwa Juni. Bi mwenye duka akaniita: "Mwanangu, dawa hizi zimeingia juzi, vipi mashine inaniambia zimekwisha muda?" Boksi limeandikwa 04/09, yaani tarehe 4 Septemba. Toleo jipya lilianza na mwezi, likasoma tarehe 9 Aprili. Kinachonitisha mpaka leo ni upande wa pili: boksi la 09/04, lililokwisha muda tangu Aprili, programu ilikuwa ikisema bado zima.

Basi faili hilo liingie Git pamoja na msimbo. Na kwenye mashine ya mteja au seva usitumie npm install, tumia npm ci. Hiyo hufuta folda ya node_modules, yanamokaa maktaba yaliyosakinishwa, husakinisha kilichoandikwa kwenye kufuli tu, na ikiona package.json haikubaliani nalo husimama na kutoa kosa. Mkigongana wawili kwenye faili hilo, msilirekebishe kwa mkono. Rekebisheni package.json, kisha npm install italipanga upya.

Kufuli halina maana ya kutobadilisha toleo milele. Desemba 2021 lilipofichuliwa pengo la usalama la Log4j, maktaba inayotumika kwenye programu za Java, swali la kwanza kila mahali lilikuwa: sisi tunayo? Kwenye npm, swali kama hilo linajibiwa na npm ls ikifuatiwa na jina la maktaba: itakuonesha toleo ulilonalo na nani aliyelileta. Mimi hupandisha maktaba moja moja, najaribu, ndipo naandika kufuli jipya. Pia sikimbilii toleo la jana. Machi 2024 matoleo mawili mapya ya xz, chombo cha kubana mafaili, 5.6.0 na 5.6.1, yaligundulika kuwa na mlango wa siri, baada ya mwandishi wa programu Andres Freund kuona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali, kunachelewa kama nusu sekunde.

Kuna jambo moja ambalo kufuli peke yake haliwezi. Linajua anwani ya kifurushi, lakini kifurushi chenyewe kiko mbali. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania nzima. Ndiyo maana kabla ya kupanda boti hujaza akiba kwenye flashi kwa npm ci --cache ikifuatiwa na anwani ya folda ya flashi, na nikifika Wete huongeza --offline kwenye amri hiyo hiyo.