Nyumba ya bure Japani: jamani, tuelewane

Wiki hii tena nimetumiwa ile video. Nyumba ya mbao, bustani mbele, mlima nyuma, bei yeni laki moja, yaani karibu bure, na swali ni lile lile: "Kaka, si tununue mbili tatu tupangishe, nyumba haiwezi kushuka bei?" Inashuka. Japani nyumba inashuka bei, na hilo ndo neno ambalo kila anayenipigia kutoka Dar au Mombasa hataki kulisikia.

Huku thamani iko kwenye kiwanja, jengo lenyewe linachakaa kama gari. Nyumba ya mbao ya kuishi kwenye mahesabu ya kodi ya serikali inapewa umri wa miaka 22, ya zege 47. Sio kwamba ikifika 22 inadondoka, watu wanazeekea humo humo, ila dalali na benki wakipiga hesabu jengo wanaliona karibu sifuri.

Alafu kuna ile takwimu. Hesabu ya makazi ya 2023 ilikuta nyumba tupu kama milioni 9, asilimia 13.8 ya nyumba zote, basi watu wanadhani zote ziko sokoni. Karibu nusu ni za kupangisha, zinasubiri wapangaji tu. Zile za kwenye video zinatoka kundi lingine, kama milioni 3.85, zimeachwa tu bila kuwekwa sokoni wala kupangishwa: mzee kafariki au kapelekwa makao ya wazee, watoto wako Tokyo na Osaka na hawarudi.

Na hapa ndo naposhindwa kuvumilia, mtu anaponiambia Wajapani hawajui thamani ya ardhi yao. Wanajua sana! Nyumba ikiwa imesimama, kodi ya kiwanja, kwa mita za mraba 200 za kwanza, inapigwa kwenye sehemu moja ya sita tu ya thamani. Ukibomoa, punguzo limekwenda, na kubomoa kwenyewe kunapita yeni milioni moja kirahisi. Kwa hiyo familia inaiacha ioze. Serikali ikashtuka, sheria ya 2015 ikaruhusu manispaa kuwaondolea punguzo wenye nyumba hatarishi, na Desemba 2023 wakaongeza hata zile zinazoelekea huko. Sasa huyo anayekupa nyumba bure anakukabidhi bili ya kubomoa na kodi ya kila mwaka, basi.

Ingia ndani uone. Viatu vya marehemu bado viko mlangoni, kabati la kuombea mababu lina picha zake, tatami, ile mikeka ya sakafuni, zimelegea, ukikanyaga jikoni sakafu inabonyea na huo ni mchwa. Vyote hivyo vya kutupa, na huku kutupa fanicha ni hela. Unavuta hati, unakuta jina ni la babu aliyefariki zamani, warithi wametapakaa na bila sahihi zao huuziwi kitu. Tangu Aprili 2024 kusajili urithi ni lazima ndani ya miaka 3, ila rundo la nyuma bado lipo.

Kingine ni barabara. Kiwanja lazima kiguse barabara yenye upana wa mita 4, na kiiguse kwa angalau mita 2. Kisipogusa, kwa kawaida huruhusiwi kujenga upya, utabaki kuweka viraka, na za bei ya kutupa nyingi ziko hivyo. Na kama kibali cha ujenzi ni cha kabla ya Juni 1981 ujue haikujengwa kwa viwango vya sasa vya tetemeko.

Mengine haraka haraka. Mgeni anamiliki ardhi kabisa, sio kama Tanzania, ila hati haikupi visa hata ya siku moja. Benki nyingi hazikukopeshi bila ukaazi wa kudumu. Kupangisha wageni wa usiku mmoja mmoja kwa sheria ya 2018, mwisho siku 180 kwa mwaka. Ukiishi nje lazima uwe na msimamizi wa kodi ya serikali aliyeko Japani. Ukiuza, mara nyingi mnunuzi anakata asilimia 10.21 ya bei nzima, sio ya faida, ndo ujaze ritani ya kodi udai kinachozidi. Na dalali, tangu Julai 2024, kwa nyumba isiyozidi yeni milioni 8 anaruhusiwa kudai hadi yeni 330,000, yaani kwa nyumba ya laki moja ada inazidi bei mara tatu.

Mimi nashauri fleti ya zege karibu na stesheni, kama wenzangu wote wanaoshauri wanunuzi, ila kusema kweli sina amani nayo kama wanavyojidai wenzangu. Ada ya usimamizi na ya mfuko wa matengenezo zinapanda jengo linavyozeeka, nenda mji wa Yuzawa kule Niigata ukaone fleti za enzi ya bei kichaa, mwishoni mwa miaka ya 80, zinavyouzwa bei ya mkoba kisa hizo ada za kila mwezi. Na yeni ikishuka unanunua rahisi, sawa, lakini kodi ya mpangaji nayo inaingia kwa yeni hiyo hiyo.

Kwa hiyo usinitumie video. Nitumie nakala ya hati, ramani ya kiwanja na barabara, na bili ya kodi ya mwaka jana, tuanzie hapo.