Je, wajua kwa nini uwanja wa utotoni huonekana umesinyaa?

Mtu mzima anayerudi kwenye uwanja aliochezea akiwa na umri wa miaka mitano hukutana na mshangao ambao wengi wanaujua: bembea ni fupi, ukuta uliokuwa haupandiki unamfikia kifuani, na umbali ambao zamani aliukimbia hadi pumzi zikamwishia sasa unamalizika kwa hatua chache.

Jibu la haraka husema kwamba hamu ya utoto hutia chumvi, yaani tunaukumbuka uwanja kuwa mkubwa kwa sababu tulifurahi humo. Jibu hilo linavutia kwa kuwa nusu yake ina ukweli. Tafiti za saikolojia zimeonyesha mara kwa mara kwamba hisia chungu zilizoambatana na tukio hufifia upesi kuliko hisia tamu, na hivyo magoti yaliyochubuka na ugomvi wa nani aanze husahaulika huku vicheko vikibaki. Lakini kuutia utamu uwanja hakuwezi kuurefusha. Kama furaha ndiyo ingekuwa inakuza vipimo, mahali tulipopachukia pangebaki na ukubwa wake halisi. Ilhali ofisi ya mwalimu mkuu, ambayo ni wachache wanaoililia, nayo husinyaa vilevile. Wala si kweli kwamba jicho la mtoto huona picha kubwa zaidi, kwani ngazi iliyo umbali uleule huchukua takriban sehemu ileile ya upeo wa macho ya mtoto na ya mtu mzima.

Kinachobadilika ni kipimo. Inaelekea ubongo haukadirii mazingira kwa mita bali kwa mwili wenyewe: kimo cha macho kutoka ardhini, upana wa hatua, mahali mkono unapofika. Ni sawa na kupima meza kwa shibiri. Mtoto akipata shibiri 12, amepima sawasawa. Akiipima meza ileile miaka 20 baadaye kwa mkono uliokua, atapata 8, na hapo pia hajakosea. Kasoro imo kwenye kumbukumbu, iliyohifadhi ile 12 bila kuandika kwamba shibiri ilikuwa ya mtoto.

Mwaka 2011, Björn van der Hoort na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliwavisha watu miwani iliyowaonyesha mwili wa mwanasesere mahali pa miili yao, kisha wakawagusa wao na mwanasesere kwa wakati mmoja hadi wakauhisi mwili ule kuwa wao. Waliopewa mwili mdogo waliona vitu kuwa vikubwa na vya mbali zaidi. Waliopewa mwili wa jitu waliona kinyume chake, ingawa vitu vyenyewe havikubadilika.

Jaribio la Domna Banakou, Raphaela Groten na Mel Slater, lililofanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013, linashangaza zaidi. Watu wazima waliingizwa katika ulimwengu wa kompyuta, mara wakiwa na mwili wa mtoto wa miaka minne, mara wakiwa na mwili wa mtu mzima uliopunguzwa hadi kimo kilekile. Macho yalikuwa katika urefu uleule, na hata hivyo waliokuwa na umbo la mtoto walizidisha ukubwa wa vitu kuliko wale wenye umbo la mtu mzima mfupi. Miendo ya mwili ule ilipoacha kulingana na yao, tofauti hiyo ilitoweka.

Majaribio haya, hata hivyo, yalihusu watu wazima waliokaa katika mwili wa kuazima kwa dakika chache tu, hayakuwafuatilia watoto hadi utu uzima, kwa hiyo kuyatumia kueleza kumbukumbu za miongo kadhaa ni kukisia, ijapokuwa kwa msingi mzuri. Yakiwa sahihi, basi anayepiga magoti karibu na bembea yake ya zamani ataurudisha uwanja kwa sehemu tu: macho yatashuka hadi kimo cha mtoto, lakini umbo litabaki la mtu mzima aliyepiga magoti.