Kivinjari cha kompyuta ya zamani: angalia mashine kwanza

"Fundi, niwekee kivinjari chepesi." Ombi hili nalisikia sana kutoka kwa watu wenye kompyuta za mtumba walizonunua Kariakoo. Kabla sijataja jina lolote, nauliza: Windows ipi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, na kazi yenyewe ni ipi? Mwenye steshenari anayewajazia vijana maombi ya mkopo ya Bodi ya Mikopo (HESLB) hahitaji kitu kilekile anachohitaji mwanafunzi anayefuatilia masomo YouTube.

Vivinjari vingi vinavyosifiwa kwa wepesi vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Opera, Brave, Vivaldi, Edge, hata Falkon, vyote vimo humo. Menyu zinaweza kupungua, ila ukurasa ukifunguka mzigo ni uleule. Chrome ilipotoka mwaka 2008 ilikuja na mtindo wa kuendesha vichupo (tabs) kwa michakato tofauti, ili kimoja kikikwama kisiviangushe vingine. Mwaka 2018, ulipojulikana udhaifu wa prosesa uitwao Spectre, unaoweza kuvujisha siri za tovuti moja kwa nyingine, Google wakaanza kutenganisha hata tovuti zinazokaa ndani ya ukurasa mmoja. Google wenyewe walikadiria kuwa hatua hiyo iliongeza matumizi ya RAM kwa asilimia 10 hadi 13. Usalama huo ni wa kweli na siushauri uzimwe, lakini kwenye mashine ya GB 4 utauhisi.

Mlaji mkubwa zaidi ni ukurasa wenyewe: matangazo, video zinazojiwasha, na programu ndogondogo zinazomfuatilia msomaji. Ndiyo maana chaguo langu ni Firefox yenye uBlock Origin, kiendelezi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye kivinjari) kinachozuia matangazo na wafuatiliaji hao. Chrome imeacha kukikubali kiendelezi hicho katika umbo lake kamili. Firefox bado inakikubali. Kurasa zinapungua uzito, na bando nalo linadumu, jambo ambalo mtu anayetumia intaneti ya simu yake atalipenda zaidi ya kasi.

Kwa Windows 7 na 8.1, Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Mozilla waliendelea kuzihudumia kwa Firefox 115 ESR (toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu), na muda wake wakauongeza zaidi ya mara moja, hivyo hakikisha bado inahudumiwa siku unayoipakua. Usikubali kuwekewa toleo la zamani kwa sababu tu linafunguka haraka. Tarehe 14 Machi 2025 cheti kimoja cha msingi cha Mozilla, kinachotumika kuthibitisha viendelezi, kiliisha muda, na matoleo yaliyo chini ya 128, au chini ya 115.13 kwa ESR, yakawa hatarini kupoteza viendelezi vyake. Mtu anayeingia benki kwa kivinjari kilichoachwa anajianika, na hilo silifanyii mzaha na mteja yeyote.

Vipo vyepesi kwelikweli, kama Dillo. Hakiendeshi kabisa JavaScript, yaani lugha inayoendesha sehemu za ukurasa zinazoitikia unapobofya au kujaza, kwa hiyo makala ya maandishi hufunguka papo hapo hata kwenye mashine dhaifu. Lakini fomu za mtandaoni za siku hizi nyingi zinategemea JavaScript, na mwenye steshenari akiwekewa Dillo atarudi kwangu siku hiyohiyo. Mashine ya GB 2 naona ni heri iwekewe Lubuntu, mfumo mwepesi wa Linux unaochukua nafasi ya Windows, kisha Firefox juu yake.

Video ni habari nyingine. YouTube hupenda kutuma picha kwa mfumo wa kubana video wa VP9 au AV1, na kompyuta nyingi za kabla ya 2015 hazina sehemu maalumu ya kuufungua. Prosesa inabeba kazi yote, feni inapiga kelele, picha inakatika. Weka kiendelezi cha h264ify, kinachoilazimisha YouTube kutumia H.264, mfumo ambao mashine nyingi za miaka hiyo zinaufungua bila shida. Punguza na ubora hadi 480p. Nimeona kompyuta ambazo wenyewe walishakata tamaa nazo zikicheza masomo vizuri kwa hatua hizi mbili tu.

Ukiona bado ni nzito, usikimbilie kubadilisha kivinjari. Kwenye Firefox andika about:processes pale juu unapoandika anwani. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Utaona kila kichupo kinakula kiasi gani cha RAM. Funga kinachoongoza, kisha upime tena.