Kabla ya kununua shamba, angalia kilicho nje ya mpaka

Wateja wengi hunipigia simu wakiwa wameshalipenda shamba. Wameona kilima, miti na utulivu, sasa wanataka nikawapimie ukubwa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi ya kazi yangu. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,047, hekta ni 10,000, na kifaa humaliza ubishi. Kigumu ni kile kisichoonekana ukiwa umesimama katikati ya shamba: njia inapita kwa nani, maji yanatoka wapi, na ya jirani wa juu yanaelekea wapi.

Njia husahaulika kuliko yote. Mnunuzi akishafika na gari lake, basi huamini kwamba shamba lina barabara. Lakini barabara nyingi za mashambani zinakatiza ardhi ya mtu mwingine, na zimebaki wazi kwa sababu mwenye ardhi hiyo anaelewana na muuzaji. Maelewano hayo hayahamii kwako. Jirani akiuza, akifariki au mkikosana, unaweza kukuta geti limefungwa. Uliza kama njia imechorwa kwenye ramani ya upimaji na kama haki ya kupita imesajiliwa dhidi ya ardhi inayopitiwa. Uliza upana wake pia, maana njia ya mita 3 humtosha mwenye gari dogo, ila lori la kokoto au mtambo wa kuchimba kisima utahangaika kwenye kona. Kisha rudi siku moja baada ya mvua kubwa. Wauzaji hupenda kukuleta kiangazi, na wana sababu.

Kwenye maji nitakaa zaidi. Muuzaji atafungua bomba, maji yatatoka kwa nguvu, nawe utaridhika. Hilo halithibitishi kitu. Kisima kirefu chenye bomba la kipenyo cha milimita 150 hubeba karibu lita 18 kwa kila mita ya maji yaliyosimama ndani yake. Kikiwa na mita 40 za maji, kuna lita 700 zinazosubiri tu. Pampu ya lita 20 kwa dakika itazivuta kwa zaidi ya nusu saa kabla hujajua kama mwamba unarudisha chochote. Kinachotakiwa ni jaribio la kupampu kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi saa 24, huku kina cha maji kikipimwa kinavyoshuka na kinavyopanda tena pampu ikizimwa. Likifanyika mwishoni mwa kiangazi, ni bora zaidi.

Peleka na sampuli maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na cha naitreti miligramu 50. Vyote viwili haviondoki kwa kuchemsha maji.

Wengine hujibu kwamba watavuna mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, hukusanya lita 60,000 kama hakuna tone linalopotea. Watu wanne wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku wanahitaji 73,000, na hapo hujanywesha mfugo hata mmoja. Kuhusu mto unaopita pembeni, kuugusa si kuwa na ruhusa ya kuvuta maji. Nchi nyingi hudai kibali, na hukataza kujenga karibu na kingo.

Mahali pasipo na mfereji wa majitaka, udongo ndio utakaoyanywa. Chimba shimo, liloweshe vizuri, mimina maji tena, upime yanashuka kwa kasi gani. Mfinyanzi huyakataa, changarawe huyapitisha upesi mno kabla hayajachujwa. Weka angalau mita 30 kati ya mfumo wa majitaka na kisima, na kisima kiwe upande wa juu. Halafu panda mteremko ukaone choo cha jirani kiko wapi na anamwaga nini shambani. Hapa ndipo wanunuzi wengi huniangalia kama mtu aliyepotea njia.

Umeme: pima umbali hadi nguzo ya karibu, omba makadirio ya maandishi. Simu: jaribu pale nyumba itakaposimama, si getini.

Na uzio usikudanganye. Uzio hufuata palipokuwa rahisi kuchimbia nguzo, wakati mpaka hufuata bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini na wapimaji. Zitafutwe zote, moja moja, majirani wakiwepo, na mpima alipwe na wewe hata kama muuzaji ameshika ramani mpya kabisa. Bikoni isiyopatikana irudishwe mahali pake kabla ya malipo, kwa gharama ya muuzaji.