Pombe haiondoi mawazo

Mangweni, vilabu vya pombe ya mnazi, kule Kisauni, Mombasa, utasikia: "Nakunywa nipoteze mawazo." Na kwa saa moja hivi kweli yanapotea, ndiyo maana dhana hii haifi. Pombe huzubaisha ubongo na kuleta raha ya muda. Ikianza kuisha mwilini, ubongo hugeukia upande wa pili: saa tisa usiku macho kodo, moyo wenda mbio, jasho lakutoka, na deni la kodi ya nyumba bado lipo, tena sasa pesa zimeingia kwenye mnazi. Usingizi wa pombe huja upesi lakini hukatikakatika, na asiyelala vizuri huzidi kuzama kwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Wengine husema mlevi ni mlevi tu, hana ugonjwa. Sikubaliani. Sonona humvuta mtu kwenye pombe, na pombe huzaa sonona. Kwa wengi, huzuni hupungua wiki chache baada ya kuacha. Isipopungua, hutibiwa yenyewe, kwa ushauri nasaha au dawa.

Ila anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake, kwani degedege laweza kumuua. Amwone daktari kwanza, na ataje kiasi anachokunywa bila kuficha hata glasi moja.