Je, wajua? Fomu, kalenda na ramani ndizo zilizomtoa Obama Springfield

Ukiuliza kijiweni Barack Obama alitokea wapi, utaambiwa habari ya hotuba. Boston, Julai 27, 2004, mkutano mkuu wa chama cha Democratic: mtu mwembamba mwenye jina la Kijaluo anapanda jukwaani hajulikani, anashuka kila mtu anamtaja. Hadithi tamu, na hotuba yenyewe kweli ilikuwa nzuri. Shida yake ni tarehe. Obama alikuwa ameshashinda kura za mchujo za kuwania Useneti tangu Machi mwaka huohuo, kwa asilimia 53, katika kinyang'anyiro cha watu saba. Na usiku ule anahutubia, mgombea wa Republican alikuwa ameshajitoa mwezi mzima nyuma, na chama chake kilikuwa bado hakijapata wa kuziba pengo. Jamaa alikuwa anashindana na kiti kitupu.

Kwa hiyo swali lenye utamu ni jingine. Ilikuwaje mjumbe wa bunge la jimbo, tena aliyebwagwa vibaya mwaka 2000, aingie Seneti ya taifa miaka minne baadaye kwa asilimia 70 ya kura?

Tuelewane kwanza kuhusu cheo, maana neno "seneta" huchanganya. Marekani ina maseneta wa aina mbili. Wapo wale 100 wa Washington, wawili kutoka kila jimbo. Halafu kila jimbo lina bunge lake lenyewe, na karibu yote yana seneti ndani yake. (Jimbo hapa ni nchi ndogo kama Illinois yenye gavana wake, si jimbo la uchaguzi kama tunavyolisema Tanzania.) Mzanzibari ataelewa upesi kuliko wengine: mbunge anaenda Dodoma kwenye Bunge la Muungano, mwakilishi anaenda Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Kwa mfano huo, Obama kuanzia Januari 1997 alikuwa wa Chukwani. Alikuwa mmoja wa maseneta 59 wa Illinois, kila mmoja akiwakilisha watu laki mbili hivi.

Makao makuu ya Illinois ni Springfield, mji mdogo ulio kilomita 320 hivi kutoka Chicago. Kazi ilikuwa ya muda tu, na Obama aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Vikao vikipamba moto, wajumbe hulala huko, na usiku mji hauna mengi. Seneta mwenzake, Terry Link, alikuwa na nyumba pale, wakawa wanakutana kucheza poka kwa dau dogo, bia na sigara mezani. Waliuita mchezo huo "kikao cha kamati". Waliokaa meza ile wengi walikuwa wazungu kutoka vitongoji na mashamba, watu ambao mwalimu wa chuo kutoka Hyde Park, mtaa wa Chicago alikoishi Obama, asingekutana nao kirahisi. Mambo ya siasa za jimbo huzungumzwa hapo, si kwenye maikrofoni.

Na ndani ya ukumbi, mbele ya kila mjumbe kuna vitufe vitatu: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana, njano ni "nipo". Kile cha njano kina ujanja wake. Muswada unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta wote 59, awepo nani asiwepo nani. Kwa hiyo anayebonyeza "nipo" amekataa bila kutamka kwamba amekataa. Kati ya kura 4,000 hivi alizopiga, Obama alibonyeza njano karibu mara 130. Mwaka 2008 Hillary Clinton, mpinzani wake katika kuwania tiketi ya urais ya chama chao, alimsuta sana kwa hilo. Nadhani alikuwa na hoja, ila pale Springfield kitufe kile kilikuwa mkakati wa chama kizima mara nyingi, wala hakikuwa uoga wa mtu mmoja.

Sasa turudi nyuma, kwenye fomu. Mwaka 1995 kiti kile kilikuwa cha Alice Palmer, mama aliyeheshimika sana upande wa kusini wa Chicago. Mbunge wa eneo jirani, Mel Reynolds, alitiwa hatiani mahakamani akajiuzulu, na Palmer akaamua kuwania nafasi hiyo ya Washington. Akamtambulisha Obama kama mrithi wake. Novemba mwaka huo Palmer akashika nafasi ya tatu, nyuma ya Jesse Jackson Mdogo na Emil Jones (huyu Jones tutakutana naye tena). Akataka kiti chake cha zamani. Wazee wakatumwa kwa Obama: bwana mdogo, mpishe mama. Akagoma.

Palmer akakimbizana na muda kutafuta wadhamini. Saini zilizotakiwa ni 757, naye akapata mara mbili ya hizo ndani ya siku chache. Hapo ndipo watu wa Obama walipokwenda tume ya uchaguzi ya Chicago, wakaketi na daftari la wapiga kura, wakaanza kupitia jina moja baada ya jingine. Huyu ameandika kwa herufi kubwa badala ya kutia saini. Huyu anwani yake haipo kwenye daftari. Huyu si wa eneo hili. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi, mchezo wa kuwekeana pingamizi anaujua. Palmer akajitoa. Wapinzani wengine watatu wakaenguliwa, mmoja wao akiwa amepungukiwa saini 69 tu. Yule ambaye baadaye alikuja kusifiwa dunia nzima kwa kuhamasisha wapiga kura, mchujo wake wa kwanza alipita bila kupingwa.

Uroho wa ngazi ukamshika mapema. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Washington kutoka eneo la kwanza la Illinois, eneo ambalo limekuwa na mbunge mweusi mfululizo tangu 1929. Rush hakuwa mtu wa kumvaa ovyo. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tawi la Illinois la Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, na mtaani alijulikana kwa jina na kwa sura. Obama alihesabu kwamba Rush amechoka kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa ameshindwa umeya wa Chicago. Hesabu mbovu. Oktoba 1999 mtoto wa Rush akapigwa risasi akafa, na mji mzima ukamwonea huruma. Desemba, gavana akaita bunge la jimbo lipigie kura muswada wa silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia, mtoto mchanga akiugua, hakurudi. Muswada ukakwama kwa kura chache. Unaweza kukisia magazeti yaliandika nini. Juu ya hayo, Rais Clinton akarekodi tangazo la redio kumuunga mkono Rush.

Machi 2000: Rush asilimia 61, Obama 30.

Miezi mitano baadaye alikwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama. Amesimulia mwenyewe kwamba alipotaka kukodi gari uwanja wa ndege, kadi yake ya benki ilikataliwa. Ukumbini hakupata pasi ya kuingia walikokaa wajumbe, akaangalia hotuba kwenye runinga, kisha akarudi nyumbani kabla mkutano haujaisha. Deni la kampeni lilikuwa bado linamsubiri. Kwa siasa za kwetu, mtu wa namna hiyo angerudi kijijini kulima.

Lakini alikuwa bado na kiti, na hapa ndipo kalenda inapoingia. Katiba ya Illinois haitaki maseneta wote waende kwenye uchaguzi kwa pamoja. Imewagawa makundi matatu, na kila kundi katika miaka kumi hupata vipindi viwili vya miaka minne na kimoja cha miaka miwili, kwa mpangilio tofauti. Obama mwaka 1996 aliangukia kile cha miaka miwili, 1998 akapata cha minne. Mwaka 2000 ulipofika, kiti chake kilikuwa hakigombewi. Alicheza kamari bila kuweka mezani kitu alichokuwa nacho. Bahati ikajirudia: mwaka 2002 akachaguliwa tena kwa miaka minne, kwa hiyo 2004 nayo alikuwa huru kujaribu Useneti wa Washington na akishindwa arudi Springfield kama hakuna kilichotokea. Mwenzake ambaye kipindi kilimwishia 2004 angelazimika kuchagua kimoja. Ukiona mjumbe wa bunge la jimbo huko Marekani amejitosa ghafla kwenye kinyang'anyiro kikubwa, angalia kwanza kipindi chake kinaisha lini.

Ramani ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Kila baada ya sensa mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya. Illinois, vyama vikishindwa kuafikiana na tume ya mipaka ikafungana kura, katiba inasema ipigwe kura ya bahati. Septemba 2001 karatasi zenye majina mawili ziliwekwa ndani ya kofia ndefu ya aina aliyokuwa akivaa Abraham Lincoln, katibu wa jimbo akatumbukiza mkono, likatoka jina la Mdemokrati. Basi. Kwa karatasi moja Wademokrati wakapata haki ya kuchora jimbo zima.

Obama hakusubiri kuchorewa. Tangu mapema mwaka huo alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta na mtaalamu wa ramani wa chama chake, katika ofisi za bunge, akisogeza mipaka mtaa kwa mtaa. Eneo lake la zamani lilianzia Hyde Park na kuelekea magharibi, kwenye mitaa ya watu weusi wa kipato cha chini. Jipya lilibaki na Hyde Park, kisha likapanda kaskazini likifuata ufukwe wa Ziwa Michigan hadi katikati ya jiji, kwenye maghorofa ya matajiri. Rush alikuwa amemshinda kwa kumwita mtu wa chuo kikuu asiyejua mtaa. Sawa, akatafuta mtaa unaopenda mtu wa chuo kikuu. Watu wa maghorofa yale ndio wanaochangia kampeni za jimbo zima.

Ramani ileile iliwarudishia Wademokrati Seneti ya Illinois baada ya miaka kumi ya kukaa upinzani, na Januari 2003 Emil Jones akawa rais wake. Jones alikuwa mtu wa zamani wa Chicago, aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji taka. Yeye mwenyewe husimulia kwamba Obama alimfuata akamwambia: sasa una nguvu kubwa, unaweza hata kumtengeneza seneta wa Washington. Jones akauliza kama ana mtu akilini. Akajibiwa: mimi.

Kuanzia hapo miswada mizito ikawa inapitia kwake, na baadhi ya wenzake wakanung'unika kwamba anavuna walikolima wengine. Mmoja uliwataka polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Illinois ilikuwa imetikisika kwa kesi za watu 13 waliohukumiwa kifo kisha wakaonekana hawana hatia, lakini polisi na waendesha mashtaka mwanzoni hawakuutaka muswada huo. Obama akakaa nao kikao baada ya kikao, hadi ukapita Seneti bila kura ya kupinga. Nusu ya kipaji chake, kwa maoni yangu, ilikuwa kwenye vikao vya namna hiyo kuliko jukwaani.

Yaliyobaki yalikuwa bahati mbaya za watu wengine. Seneta wa Illinois aliyekuwa madarakani, Peter Fitzgerald, akatangaza hatatetea kiti. Carol Moseley Braun, aliyewahi kukishikilia, akaamua kuwania urais. Kwenye mchujo tajiri Blair Hull alimwaga zaidi ya dola milioni 28 za mfukoni mwake, na sheria ya wakati huo iliwaruhusu wapinzani wa tajiri kama huyo kupokea mchango wa hadi dola 12,000 kwa mtu mmoja badala ya 2,000. Pesa za Hull zikafungua mfereji wa pesa za Obama. Kisha nyaraka za talaka ya Hull zikawekwa hadharani, akaporomoka. Juni, nyaraka za talaka zikamwangusha na mgombea wa Republican, Jack Ryan. Agosti chama chake kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, mtu ambaye hakuwa hata mkazi wa Illinois. Novemba ilikuwa 70 kwa 27.

Kenya walishangilia kama mtoto wa Kogelo amechaguliwa Siaya. Bia ya bei nafuu iitwayo Senator, iliyoingia sokoni mwaka huohuo, mitaani ikabatizwa "Obama".

Kule Springfield kiti alichokiacha kilijazwa na Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye leo ni mwanasheria mkuu wa Illinois. Bobby Rush aliendelea kukalia kile cha Washington hadi Januari 2023, na ndiye pekee aliyewahi kumnyima Obama kiti alichokigombea.